Maiki ya kurekodi gitaa kavu nyumbani Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mpigaji anayerekodi sebuleni au chumbani, iwe Dunda, Magomeni au Kaole, akiwa na kompyuta ya kawaida na umeme wa LUKU. Gitaa kavu tunalozungumzia ni lile la tumbo lenye tundu, lisilohitaji amplifaya, ambalo wazee bado huliita galatoni.

Ninunue maiki gani?

Piga kofi kwanza. Simama katikati ya chumba utakachorekodia, piga kofi moja kali, halafu nyamaza usikilize. Ukisikia mlio mwembamba unaokimbizana ukutani, chumba hicho kitaharibu sauti ya maiki ya laki mbili na ya milioni mbili sawasawa. Tena ile ya milioni mbili ndiyo itakayokianika zaidi, kwa kuwa inasikia kila kitu.

Nyumba nyingi za hapa ni bloku zilizopigwa plasta, sakafu ya simenti au malumalu, na juu bati, mara nyingine bila dari. Hakuna kinachomeza sauti humo. Kwa hiyo chumba ndicho kinachochagua maiki:

- Chumba kina godoro, makochi, mapazia mazito na usiku hutulia: kondensa yenye utando mdogo, mpokeo wa kadioidi (unaosikia zaidi upande wa mbele).
- Chumba kina mwangwi, au uko jirani na barabara na kijiwe cha bodaboda: dainamiki, uisogeze karibu na gitaa.
- Huna kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) na huna mpango wa kuinunua mwaka huu: maiki ya USB.

Kuna tofauti gani hasa kati ya kondensa na dainamiki?

Ndani ya dainamiki kuna utando ulioshikamana na koili ya waya, na koili hiyo inacheza ndani ya sumaku. Koili ina uzito, kwa hiyo utando hauwahi kufuata mitetemo ya kasi sana, na zile kwarukwaru za kucha na mng'ao wa nyuzi mpya hupungua. Sauti inatoka nene, ya katikati zaidi. Kwa kupiga mistari ya dansi kwa piki si mbaya hata kidogo. Kwa kupapasa nyuzi kwa vidole, utaona kuna kitu kimebaki chumbani.

Kondensa ina utando mwepesi sana uliopakwa madini, umekaa mbele ya bamba lenye chaji. Inafuata kila mguso. Gharama yake ni mbili: inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, na inasikia pia jogoo wa jirani.

Tofauti nyingine ni ukubwa wa volti inayotoka. Kwa mlio uleule, dainamiki ya Shure SM57 inatoa takriban milivolti 1.6, wakati kondensa ndogo kama Rode NT5 inatoa kama 12. Ndiyo maana mtu mwenye SM57 huzungusha kitufe cha gaini (cha kukuza sauti) mpaka mwisho na bado anasikia gitaa kwa mbali, limefunikwa na mchacho wa "shhh". Mchacho huo hautoki kwenye maiki, unatoka kwenye kadi ya sauti iliyosukumwa hadi ukomo wake.

Utando mdogo au mkubwa?

Maiki yenye utando wa inchi moja hupendwa kwa sauti ya mwimbaji. Ya utando mdogo, yenye umbo la kalamu nene, inasikia vilevile hata sauti ikiijia kwa pembeni, na gitaa ni chombo kinachotoa sauti mwili mzima: nyuzi, ubao wa mbele, tundu, hata mgongo. Kwa gitaa pekee tungechukua ndogo. Ukiwa pia unaimba na uwezo ni wa maiki moja tu, chukua kubwa, usijitese.

Kwenye boksi wameandika "self noise". Niiangalie?

Iangalie, lakini kwa kiasi. Ni mchacho wa maiki yenyewe ikiwa imekaa kimya. Audio-Technica AT2020 ina desibeli 20, Rode NT5 ina 16, Rode NT1 iko chini kabisa, kama 4 au 5. Chini ya 16 kunatosha kwa gitaa la vidole. Kulipia zile 5 wakati jokofu linanguruma chumba cha pili ni sawa na kununua neti mpya na kuacha dirisha wazi upande wa kichwani.

Vipi zile kondensa za BM-800 za bei rahisi?

Inarekodi, ila wengi huiunganisha vibaya. Huja na kebo inayoishia kwenye pini ndogo ya milimita 3.5, na mtu huichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptop. Tundu lile hutoa volti chache tu badala ya 48. Matokeo ni sauti ndogo, mchacho mkubwa, na mwenyewe kusema maiki ni mbovu. Iweke kwenye kadi ya sauti yenye 48V kwa kebo ya XLR ya pini tatu, utasikia maiki nyingine. Kasoro itakayobaki ni ukali wa sauti za juu, ambao kwenye gitaa la nyuzi za chuma unachosha masikio. Kwenye gitaa la nyuzi za nailoni hausumbui sana.

Maiki ya USB inatosha?

Kwa gitaa moja na mpigaji mmoja, ndiyo. Ina kadi yake ya sauti ndani. Itakubana siku utakapotaka maiki mbili kwa pamoja, kwa sababu programu nyingi za kurekodi kwenye Windows hupokea kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kadi ya sauti niichague vipi?

Tazama mambo matatu: iwe na 48V, iwe na gaini ya kutosha, na iwe na matundu mawili ya XLR hata kama leo una maiki moja. Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu ina gaini ya desibeli 56, ya toleo la nne 69. Kwa kondensa zote mbili zinatosha na kubaki. Kwa dainamiki na gitaa la vidole, 56 iko ukingoni.

Kuwasha 48V kuna utaratibu wake: shusha gaini hadi sifuri, vua hedifoni, chomeka kebo, bonyeza kitufe cha 48V, subiri kama sekunde kumi, ndipo upandishe gaini. Kuzima ni kinyumenyume. Ukichomoa kebo 48V ikiwa imewashwa utasikia mshindo ambao masikio yako hayatausahau. Dainamiki kama SM57 haidhuriwi na 48V kama kebo ni nzima.

Niiweke wapi maiki?

Hapa ndipo penye kazi. Sentimita tano za kusogeza maiki hubadilisha sauti kuliko kubadilisha maiki yenyewe.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuielekeza kwenye tundu, kwa kudhani sauti inatokea pale. Kinachotoka pale ni pumzi ya tumbo. Hewa iliyomo ndani ya gitaa ina mvumo wake, kwa magitaa mengi ni karibu na hezi 100. Sol (G) ya uzi wa sita, freti ya tatu, ni hezi 98. Kwa hiyo kila unapopiga kodi ya G, bezi inafura na kufunika kila kitu, halafu ukihamia D sauti inanywea. Zaidi ya hapo, maiki yoyote ya kadioidi huongeza bezi inaposogezwa karibu sana. Ukijumlisha hayo mawili unapata gitaa linalosikika kama limefungiwa kwenye pipa.

Fanya hivi:

1. Kaa kwenye kiti cha mbao au stuli isiyo na mikono. Kiti cha plastiki hulia kila unapopumua.
2. Weka maiki mbele ya freti ya 12, umbali wa shibiri moja na vidole viwili kutoka kwenye nyuzi. Hiyo ni kama sentimita 25.
3. Igeuze kidogo ielekee pale shingo inapoungana na tumbo, isitazame tundu.
4. Rekodi sekunde 20 za wimbo uleule, nguvu ileile.
5. Hamisha maiki nyuma ya daraja (kibao kinachoshika nyuzi tumboni), upande wa mkono wa kupigia, umbali uleule. Rekodi tena.
6. Ipandishe juu ya bega la kulia, usawa wa sikio, ikitazama chini kwenye ubao wa gitaa. Rekodi mara ya tatu.

Sikiliza zote tatu kwa ukubwa mmoja wa sauti. Hili lina maana yake: sikio hupenda iliyo kubwa zaidi, hata kama si nzuri zaidi. Freti ya 12 hutoa sauti iliyosawazika. Nyuma ya daraja hutoa sauti ya mbao, ya joto, wakati mwingine ya puani. Begani unapata gitaa kama unavyolisikia mwenyewe ukipiga, na ndiyo njia nzuri kwa gitaa lenye bezi kali.

Ukiwa na mtu wa kukupigia, kuna njia ya haraka zaidi. Ziba sikio moja kwa kidole, inama, utembeze sikio lililo wazi mbele ya gitaa taratibu kama unayetafuta mtandao wa simu. Pale inapopendeza, weka maiki.

Pumzi yako nayo huingia. Anayepiga huku ameinama juu ya gitaa, maiki ya begani itamrekodi akihema.

Maiki mbili zina faida?

Zina faida kama gitaa liko peke yake kwenye wimbo. Likiwa chini ya sauti na ngoma, moja inatosha. Njia salama ni kuzipandanisha vichwa, kimoja juu ya kingine, zikielekea pande mbili kwa pembe ya digrii 90. Sauti inafika kwa zote wakati mmoja, na hakuna kinachokatana.

Ukizitenganisha, moja freti ya 12 na nyingine daraja, hesabu inaanza. Sauti hewani, kwa joto letu, huenda karibu mita 347 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 17 tu, sauti inaifikia imechelewa nusu ya milisekunde, na ukizichanganya, eneo la hezi 1,000 linafutika. Gitaa linakuwa kama kopo tupu, nawe unaanza kulaumu nyuzi. Jaribu kwa kuzichanganya ziwe mono: sauti ikinywea, sogeza moja kidogo kidogo hadi irudi, au bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) usikilize ipi ni nene.

Nirekodi kwa ukubwa gani?

Biti 24, kilohezi 44.1 au 48. Piga sehemu yenye nguvu kuliko zote ya wimbo, kisha weka gaini ili kilele kiwe kati ya desibeli −12 na −6. Usikimbilie kugusa sifuri. Kila mtu hupiga kwa nguvu zaidi taa nyekundu ya kurekodi inapowaka, na sauti iliyokatika kichwa haiponi.

Chumba changu kina mwangwi. Nifanye nini bila kutumia fedha nyingi?

Ondoa kwanza wazo la trei za mayai. Hazimezi chochote cha maana, hukusanya vumbi na huwaka moto haraka. Kinachomeza sauti ni unene. Godoro la sponji la inchi 6 lililosimamishwa nyuma ya mgongo wako, na jingine au mablanketi mawili mazito pembeni kwa umbo la L, hufanya zaidi ya ukuta mzima wa sponji nyembamba za dukani. Chini tandika mkeka na zulia juu yake, maana mkeka peke yake ni mwembamba mno. Usikae katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Kona hukuza bezi. Mwenye kabati la nguo lililojaa, alifungue na kupiga akilielekea.

Nyumba za kale za mawe pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta nene, kwa hiyo kelele za nje haziingii kirahisi. Ndani zina mwangwi mrefu. Wengine wanaupenda, nasi hatuwapingi, ila jueni kwamba mwangwi ukisharekodiwa hautoki, ilhali ule wa programu unaongezwa wakati wowote.

Kelele za nje na za ndani je?

Kadioidi haisikii vizuri mgongoni. Tumia hilo: mgongo wa maiki uelekee dirisha au mlango wa barabarani. Adhana na kunguru haviondolewi kwa maiki yoyote. Panga muda wako kati ya swala. Saa nne usiku hadi alfajiri ndio wakati mtulivu, ukiwaonya majirani. Masika, Machi hadi Mei, bati lisilo na dari likipigwa na mvua usihangaike, funga gitaa.

Ndani, zima feni na jokofu. Jokofu husahaulika, samaki wakaharibika. Kwa hiyo ukilizima weka funguo za nyumba ndani yake. Hutatoka bila kuliwasha.

Mvumo mzito usiokoma, "mmmm", ni umeme wa hezi 50 na ndugu zake wa hezi 100 na 150. Chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, chaja ndiyo mkosaji. Usipoisha, kagua kebo, kisha iondoe kebo ya maiki karibu na ekstensheni na adapta. Usikate pini ya ethi ya plagi kama wanavyoshauri mafundi wengine. Mvumo utaisha kweli, na siku kifaa kikivujisha umeme mwili wako ndio utakuwa ethi.

Hewa ya bahari inaiharibu maiki?

Inaiharibu, na kondensa ndiyo dhaifu. Unyevu ukiingia kati ya utando na bamba, chaji inavuja, nawe unasikia mipasuko kama mafuta yanayochapuka kikaangoni. Mara nyingi maiki haijafa. Iweke siku mbili kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na pakiti za silika jeli, zile zinazokuja kwenye viatu na mikoba mipya, kisha ijaribu. Usiianike juani na usitumie mashine ya kukausha nywele. Mchele tusingeutumia, una vumbi.

Ihifadhi hivyohivyo kila siku, si ikiharibika tu. Kuiacha kwenye stendi na dirisha la upande wa bahari wazi wiki nzima ni kuilisha chumvi. Pini za XLR zikianza kufifia na kuwa na ukungu, sauti hukatikakatika ukigusa kebo. Zisafishe kwa spiriti safi na kitambaa kikavu. Nyuzi za gitaa nazo hupata kutu haraka hapa. Nyuzi zilizokufa haziokolewi na maiki. Badilisha siku moja au mbili kabla ya kurekodi, zivute, zitulie.

Naimba huku napiga. Maiki zinachanganya sauti.

Zitachanganya, ndiyo hali yake. Punguza kwa kuelekeza migongo: maiki ya sauti iwe chini kidogo ya mdomo ikitazama juu, ya gitaa iwe chini ikitazama chini, kila moja ikiipa nyingine mgongo. Maiki yenye mpokeo wa umbo la nane hufanya vizuri zaidi, kwa sababu haisikii kabisa kwa ubavu. Ukielekeza ubavu wake mdomoni, sauti hupungua sana kwenye gitaa. Vinginevyo rekodi gitaa kwanza, sauti baadaye.

Gitaa langu lina pikapu (kinasa sauti) ndani. Si nichomeke waya tu?

Kwa jukwaani, sawa. Kwenye rekodi pikapu iliyo chini ya daraja hutoa sauti ya mpira, kwa kuwa inasikia mgandamizo wa nyuzi, haisikii hewa. Irekodi kama akiba kwenye tundu la pili, hasa siku ya kelele.

Simu haitoshi?

Kwa kukumbuka wazo la wimbo, inatosha sana. Kwa rekodi ya kutoa, shida ni kwamba simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe: ukipiga kwa nguvu inabana, ukinyamaza inavuta kelele za chumba. Tafuta programu inayoruhusu kuzima hilo na kuhifadhi WAV. Na ukimtumia mwenzako kazi, itume kama dokumenti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huiminya.

Maiki hiyohiyo itafaa kwa zeze, ilimba na marimba?

Swali hili ni la mji wenye TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni. Ilimba, ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inataka kondensa ndogo, sentimita 30 hadi 40, kwa sababu kichwa cha kila noti ni kikali na ukikaribia mno unapata mlio wa chuma tu. Zeze ni kinyume: upinde una ukali wa juu ambao kondensa ya bei rahisi huuzidisha, na hapo SM57 huipita bila shida. Marimba, maiki mbili juu, kama sentimita 60. Ngoma iwekee dainamiki.

Nikienda Kariakoo kununua, nikague nini?

Nenda na laptop, kadi ya sauti, kebo yako na hedifoni za kufunika masikio. Muuzaji akikataa uijaribu, ondoka. Washa maiki, pandisha gaini hadi pale unaporekodia gitaa, nyamaza nusu dakika ukisikiliza: mchacho laini ni kawaida, mipasuko si kawaida. Tikisa kebo taratibu kwenye kiungo. Zungumza mbele, kisha nyuma. Kadioidi isipopungua nyuma, si kadioidi.

SM57 na SM58 bandia ni nyingi. Halisi zina gramu 284 na 298 bila kebo, na bandia nyingi ni nyepesi. Duka la viungo la jirani lina mizani ya kidijitali, omba wakupimie.

Kabla hujalipa, kagua pia nyuzi za skurubu za kishikio. Stendi nyingi huwa na skurubu ya inchi 3/8 na vishikio vingi vina tundu la 5/8. Kipande cha kuziunganisha ni kidogo kama kizibo cha soda na hupotea dukani, na bila hicho utarudi Bagamoyo ukaifunge maiki kwa mpira kwenye mpini wa fagio.